Vidonge vya Kuongeza Nguvu

Marcelino aliingia kwa daktari kifua mbele. Fundi mbao huyu wa Mafinga alikuwa ameanguka kwa mshtuko wa moyo, akakimbizwa Mbeya, na leo amerudi kliniki. Nyuma yake mkewe, Matilda, amekumbatia mkoba.

"Nimepona, daktari! Juzi nimeshusha mbao kwenye lori, peke yangu."

Daktari Anwari akaweka kalamu chini. "Umeshusha nini? Na dawa unameza?"

"Zile vitamini? Nilishaacha. Mtu mwenye nguvu zake ameze vitamini za nini?"

Weee! Daktari akamgeukia Matilda. "Mama, si nilikueleza?"

Matilda akainama, akaukaza mkoba kifuani.

Ikabidi daktari aanze upya, taratibu. Bonge la damu ambalo madaktari wa Mbeya walilivuta kwenye mshipa wa moyo halikuwa bichi. Lilikuwa gumu, tabaka juu ya tabaka, dalili kwamba damu ilianza kuganda siku kadhaa kabla hajaanguka. Wenye bonge la namna hiyo, alisema, mara nyingi hatari yao ya mbeleni huwa kubwa zaidi. Moyo wake umebaki dhaifu, mbao asiguse. Na vile vidonge havikuwa vitamini hata kidogo. Ndivyo vinavyozuia damu isigande tena.

Marcelino alihisi masikio yanawaka. Mwanamke aliyekula naye sahani moja miaka yote! Ndiye aliyempa vidonge kwa mkono wake: "Vitamini hizi, baba Goodness, za kuongeza nguvu. Umeshapona." Wanajumuiya wa kanisani wakaja nyumbani kumshukuru Mungu, wakaimba, naye akaitikia kwa sauti kuliko wote, mjinga wa watu.

"Tulikaa kikao cha familia," Matilda alisema. "Kwetu mgonjwa haambiwi. Tuliogopa mawazo yangekuua."

"Na nilipobeba mbao, ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Nasali."

"Unasali! Mdomo wa kusali unao, wa kuniambia huna!"

Simu ikalia mkobani. Marcelino akaipokonya. Alikuwa Goodness, binti yao aliyeko Iringa, yule aliyemsomesha kwa mbao hizohizo. Huyu angalau angelia pamoja naye. Akaiweka sikioni, na kabla hajasema neno binti akamwahi.

"Mama, mmeshatoka kwa daktari? Baba hajashtukia?"

 

"Ameshashtukia," akajibu, akamrudishia Matilda simu yake.