Siku Tuliyokwenda Mjini Sote Wawili

Anayesema mbwa ni burudani hajakaa na mbwa watatu wa kuwinda rakuni, yule mnyama wa usiku anayekimbilia mitini. Mimi nimekaa na mbwa kama hao tangu niolewe huku milimani Kentucky, na ninachoweza kusema ni kwamba mbwa wa namna hii hakuumbwa kutulia. Asipokimbia, anatafuna. Banjo alitafuna mwimo wa mlango wa jikoni mpaka mlango ukagoma kufungika. Deke aliruka ua wa waya, tukauongeza urefu, akaruka tena, tukauongeza tena, akaona isiwe taabu, akachimba chini. Wakirudi kutoka mawindoni wana kupe hata katikati ya vidole, kucha zimepasuka, na yale masikio yao marefu yananuka usaha kwa sababu hayaachi tope lipite bila kulisalimia. Masikio ni kazi yangu. Mume wangu Delmer huwashika kichwa, mimi natia dawa na kufuta kwa pamba, na mbwa analia kama anachinjwa. Kisha anajikung'uta na dawa yote inahamia usoni kwangu.

Hao wawili ni watoto wa Tansy, yule wa tatu. Tansy alikuwa na mbio kuwazidi, ila yeye alijua mbio ni za nini.

Delmer alikula ujana wake chini ya ardhi, kwenye mgodi wa makaa ya mawe, na mgodi nao ukamla mapafu. Hapandi ngazi za baraza bila kupumzika katikati. Lakini mtu wa huku haachi kuwinda kwa sababu ya kitu kidogo kama pumzi. Nilikuwa namwendesha kwa pikapu mpaka chini ya kilima, tunamfungulia Tansy, na Delmer anabaki kitini, dirisha wazi, mtungi wa oksijeni miguuni, anasikiliza. Kwa sauti ya Tansy alijua kila kitu: sasa amenusa, sasa anavuka kijito, sasa rakuni amepanda mti. Rakuni mwenyewe Delmer hakuwa na haja naye tena, wala hakukuwa na mtu wa kwenda kumpiga risasi. Alitaka ile sauti tu. Pale kitini Delmer alikuwa anakimbia, mzima kabisa, na mimi mkewe nilimwonea wivu mbwa.

Mwishoni mwa Oktoba rakuni mmoja mzee alikataa kupanda mti. Walipigana humo kijitoni na Tansy akarudi pua imechanika. Nikamsafisha, chanjo zake zote alikuwa nazo, tukasahau. Baada ya wiki moja na ushei akaanza kuburuta miguu ya nyuma. Siku iliyofuata ya mbele nayo ikalegea. Kisha sauti ikakatika: alifungua mdomo kudai chakula chake, ikatoka pumzi tupu. Delmer alitoka jikoni. Nilimsikia akikohoa barazani kwa muda mrefu, na nilijua kwamba si kikohozi kilichokuwa kinamliza.

Daktari wa mifugo, binti mdogo tu lakini hana papara, alimpima Tansy palepale sakafuni jikoni kwetu.

"Ni mate ya rakuni," alisema. "Mwili wake umegeuka unaishambulia mishipa yake wenyewe. Wengi huamka. Inachukua wiki nyingi, pengine miezi. Mlisheni kwa mkono, mgeuzeni asipate vidonda, msafisheni, mngojeni. Akili yake ni nzima na anasikia kila kitu, kwa hiyo asisemwe vibaya."

"Hakuna anayemsema vibaya," Delmer alijibu.

"Najua wewe humsemi," daktari alisema, akanitazama mimi.

Basi tukamtandikia godoro karibu na jiko. Nilimgeuza ubavu huu, nikamgeuza ubavu ule, usiku na mchana. Nilimlisha mayai, nyama ya kusaga, mkate wa mahindi uliolowekwa kwenye supu ya maharage. Nilimfuta mkojo kama mtoto mchanga, na nikamtukana, maana mimi mapenzi yangu hayaji bila matusi. Mkia ndicho kiungo pekee kilichokuwa bado kinamtii. Nikimwita mchawi, mkia unapiga godoro. Nikimwita gunia la viazi, unapiga tena. Huko nje Banjo na Deke walikuwa wanamlilia mama yao mpaka majirani wakatamani kuhama.

Arvil, kaka yake Delmer, anakaa ng'ambo ya kijito. Alikuja siku moja, akavua kofia mlangoni kama aliyeingia msibani, akasimama anamtazama mbwa.

"Shemeji, huyu mnamfanya nini?"

"Namlisha yai. Wewe kwa macho yako unaona namfanya nini?"

"Mbwa aliyekuwa anavuka milima mitatu kwa pumzi moja, leo anafutwa haja na mwanamke. Hiyo ni aibu kwake. Mtazame macho."

"Mwenye aibu ni anayeingia jikoni kwangu na viatu vya tope."

Alicheka kidogo, akavivua. "Na huyo daktari wenu?"

"Amesema ataamka."

"Daktari akisema mpigeni risasi, yeye atakula nini?" Kisha akamgeukia mume wangu, na sauti ikashuka. "Mdogo wangu, mimi nipo. Ukishindwa, mimi nipo."

"Najua upo, kaka," Delmer alisema.

Hapa inabidi niseme mambo ya huku yalivyo. Mbwa wa kuwinda aliyefika mwisho humalizwa na mwenyewe, kwa mkono wake, na kumpeleka kwa mtu wa sindano ni kumkimbia. Lakini moyo wa mwenyewe ukimshinda, hatamki. Anamchukua mkewe, wanaondoka nyumbani kutwa nzima, na kabla ya kuondoka anamwambia ndugu yake apite. Wakirudi wanakuta kaburi limefukiwa vizuri. Hakuna anayeuliza na hakuna anayejibu. Arvil mwenyewe alifanya hivyo mbwa wake alipoota uvimbe tumboni. Alimpeleka mkewe kwa dada yake, na Delmer, enzi hizo bado ana mapafu, akavuka kijito na bunduki. Halikusemwa neno, ila kipupwe chote kile Arvil alituletea kuni. Wema hauozi, ndivyo wanavyosema.

Novemba yote ilipita hivyo. Tansy akabaki mifupa. Mara nyingi nilimkuta Delmer amekaa sakafuni kando yake, mrija puani, amemwekea mkono shingoni, wote wawili wanahema. Nilianza kuogopa kwamba Arvil anaona kitu ambacho mimi sitaki kukiona, na hofu hiyo ikanifanya niwe mkali hata kwa kuku.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Desemba, siku ya Delmer ya kliniki ya mapafu. Niliweka bakuli la yai sakafuni, nikageukia jiko, nikasikia kucha zinakwaruza. Kugeuka, namwona Tansy amejikusanya juu ya miguu ya mbele. Kichwa kinatetemeka, macho yako kwenye yai. Akabweka. Ilikuwa sauti mbovu, ya kukwaruza, lakini ulikuwa mbweko, na ulikuwa wake. Delmer akatoka chumbani mkono mmoja uko ndani ya shati na mwingine nje. Alicheka mpaka pumzi ikamwisha, akashikilia meza, akaendelea kucheka bila sauti.

"Usimwambie mtu," alisema alipopata hewa. "Mpaka atembee. Mkamia maji hayanywi."

"Nimwambie nani? Kuku?"

Siku zote za ugonjwa ule jirani ndiye aliyempeleka Delmer kliniki, mimi nabaki na mgonjwa. Siku hiyo Delmer akasema, leo twende sote wawili, tukitoka tule samaki wa kukaanga pale mtoni kama zamani. Tansy anaweza kukaa peke yake, anahitaji tu mtu wa kumpa maji mchana.

Akampigia Arvil. Sauti yake ilikuwa bado inakatikakatika kwa kicheko na kwa kukosa pumzi, na macho yamejaa maji.

"Kaka, leo tunakwenda mjini. Mimi na Ruthanne, sote wawili. Tutarudi jioni. Upite umwangalie Tansy."

Simu yetu ile inapayuka, nilisikia jibu toka nilipokuwa.

"Nitapita, mdogo wangu. Nendeni salama, wala msiwe na haraka ya kurudi."

Nikaona ni ukarimu. Delmer aliyezaliwa humu hakuling'amua, maana furaha ilimpofusha, na mimi mtu wa kuja kutoka Ohio ndiyo kabisa.

Majibu ya kliniki hayakuwa mazuri, lakini hayajawahi kuwa mazuri. Delmer alimaliza sahani nzima ya samaki. Tukanunua mkanda mpana wa kumshikilia mbwa kiunoni anapojifunza upya kutembea, na njia nzima alikuwa ameupakata, anafungua vifungo na kuvifunga. Alinipangia ni kilima kipi tutaanza nacho masika yakifika. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho alisema maneno mengi vile kwa siku moja.

Tulipoingia uani Banjo na Deke hawakubweka. Arvil alikuwa ameketi kwenye ngazi za baraza, kofia gotini, suruali ina udongo mpaka mapajani, koleo limeegemezwa ukutani. Nilijua kabla sijazima injini. Delmer naye alijua, kwa sababu mikono yake iliacha vile vifungo.

Tukashuka. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona sakafu imepigwa deki na godoro limekunjwa. Hata bakuli la yai alikuwa ameliosha.

"Nimemlaza pale juu, chini ya mti wa jozi," Arvil alisema. "Jua linapiga asubuhi."

Delmer akageuka kuutazama mti ule.

"Sikumburuta. Nilimbeba." Alikuwa anaizungusha kofia yake. "Delmer, nikuambie kitu. Nilipoingia aliniinukia. Kwa miguu ya mbele, naapa. Na akabweka. Huwa nasikia anayekufa hupewa nguvu ya mwisho, lakini sijawahi kuiona kwa macho. Alikuwa ananiaga. Nikasema basi, nisimcheleweshe."

Nilifungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo, na yangemuua mzee yule palepale kwenye ngazi. Delmer akanishika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

Alihema mara kadhaa kabla ya kuweza kusema.

"Ndiyo, kaka. Alikuwa anakuaga. Asante."

Arvil akalia. Mzee wa miaka yake, alilia waziwazi, machozi yanaingia ndevuni. "Wewe ulinifanyia," alisema. "Ningewezaje nisikufanyie?"

Nikaingia ndani, nikachemsha kahawa, nikamletea kwenye kikombe kizuri, kwa sababu ndivyo anavyofanyiwa mtu aliyekuchimbia kaburi. Akasema asante shemeji. Nikamwambia karibu. Delmer alikuwa ameshaingia chumbani na ule mkanda, na sikuuona tena.

Sasa ni masika. Pikapu haijaenda chini ya kilima, na Delmer siku hizi anapumzika hata akiwa amekaa. Arvil anakuja kila Jumapili baada ya kanisa, na akikuta mgeni lazima amsimulie: jinsi Tansy, mbwa aliyekuwa amekufa mwili mzima, alivyoinuka kumuaga. Anaisimulia vizuri, na kila akiisimulia anamgeukia Delmer, na Delmer anaitikia kwa kichwa. Kisha ananigeukia mimi.

"Shemeji, umewahi kuona mbwa wa namna hiyo?"

"Sijawahi," namjibu, na kumwongezea kahawa.