Pale Alipoishia Lameki

Lameki alifia kwenye gari, injini ikinguruma. Yeye na mkewe Anatolia walikuwa wanarudi nyumbani kwao Kibeta, mjini Bukoba, wakitokea Kagoma kumjulia hali mama yake Lameki. Walipoipita Muhutwe akaliweka gari pembeni taratibu, akavuta handbreki, akasema, "Subiri kidogo." Halafu akalaza kichwa juu ya usukani.

Anatolia alikuwa amevuka miaka hamsini na hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Alisimama barabarani akipunga kanga. Pikipiki zikapita, basi likapita. Akarudi ndani, akamshika mumewe mkono, akawa anaisikiliza pumzi yake ikivutwa kwa tabu chini ya mngurumo wa injini, mpaka akashindwa kutofautisha kipi ni kipi. Dereva wa lori la ndizi aliposimama kusaidia, uliobaki ulikuwa mngurumo peke yake.

Msibani hakuna aliyemlaumu. Daktari alimweleza kwamba hata kama wangefika mapema, moyo ule usingeokolewa. Anatolia alisema, "Asante, daktari," lakini hakumwamini.

Gari lilikaa uani zaidi ya mwaka, limefunikwa turubai. Asubuhi moja, akifagia, alilisikia linanguruma. Akafunua turubai, akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi kabisa, na betri ilikwisha kufa siku nyingi. Wiki ile ile alikwenda kujiandikisha kujifunza udereva.

Mwalimu wake aliitwa Klaudia, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata gari likielekea mtaroni. Gia Anatolia alizishika upesi. Kilichomshangaza Klaudia ni kwamba kila walipolazimika kusimama, iwe kwenye makutano au kupisha ng'ombe, mwanafunzi wake alizima injini.

"Mama, wenzako gari linawazimikia," Klaudia alimwambia siku moja. "Wewe unalizima kwa mkono wako. Kwa nini?"

"Linapumua, mwalimu."

"Linapumuaje?"

"Kama mtu anayetaka kusema neno."

Klaudia hakucheka. "Basi kesho tutajifunza kusimama," akasema. "Kwenda umeshajua."

Siku ya kwanza ya kusimama, Anatolia alifungua mlango akatapika kwenye nyasi. Zilizofuata alivumilia, ameng'ang'ania usukani, jasho likimshuka mgongoni. Pumzi ile haikutoka nyuma wala pembeni. Ilitoka pale pale alipokaa yeye.

Alipopata leseni aliliwekea gari la Lameki betri mpya, akaenda Kagoma peke yake. Mama mkwe wake, Kokwijuka, alikuwa kibarazani akimenya ndizi. Kuona gari la mwanawe linaingia kibanjani, kisu kikamponyoka. Anatolia akashuka haraka, akapiga magoti kumsalimu.

"Nilidhani..." mama mkwe alianza.

"Najua, mae," alisema Anatolia, akimwita mama kwa Kihaya. "Nisamehe, ningetuma salamu kwanza."

Kokwijuka alifuta mikono kwenye kitenge. "Nipeleke pale."

"Wapi?"

"Pale alipoishia. Nimewaomba wanangu wote. Wanasema nitaugua."

Walipoipita Muhutwe Anatolia aliliweka gari pembeni, palepale, mkono wake ukakimbilia ufunguo.

"Usizime," alisema Kokwijuka. "Nataka nisikie alichosikia yeye."

Wakakaa. Pumzi ikaja, nzito, ya kukwama. Mama mkwe alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa.

"Alisema nini?"

Watu wote waliouliza, Anatolia alikuwa amewajibu kwamba Lameki hakusema kitu. "Alisema, subiri kidogo."

"Kwa sauti gani?"

"Ya kawaida, mae. Kama mtu anayekwenda kufunga mlango wa nje."

Kokwijuka alinyoosha mkono akapapasa usukani. "Mwana wange," akaita. Akasubiri. Akaita tena. "Simsikii," akasema hatimaye. "Wewe unamsikia?"

Anatolia aliogopa kujibu. "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Kokwijuka akalia bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso. "Nilijua atabaki na mmoja wetu," akasema. "Nililala nikiomba awe mimi."

Muda wote ule Anatolia alikuwa ameomba pumzi ile imwache.

Mvua ikaanza, matone makubwa, kisha ikamwagika. Klaudia alikuwa amemfundisha kwenye jua tu. Alipapasa kutafuta waipa, akawasha indiketa, akajaribu tena mpaka kioo kikaanza kufutika.

"Polepole," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mae."

Aligeuza gari kurudi Kagoma. Pumzi ile, ambayo siku zote ilikoma magurudumu yakianza kuzunguka, safari hii iliendelea, na Anatolia akapunguza mwendo ili asiipoteze.