Vifuniko vya Nafasi Tupu

Swichi ya kituo cha simu za dharura ilizimika tena mchana wa jua kali, kama ilivyozimika jana yake, na ukumbi mzima wa wapokea simu ukawa kimya. Katika ofisi nyingine ukimya ni raha. Pale ulikuwa balaa. Bwana mmoja alikuwa anaeleza kwamba mkewe ameshikwa na uchungu na nyumba yao iko nyuma ya, na hapo hapo simu ikakatika. Nyuma ya nini, hakuna aliyejua. Alipopatikana tena, mtoto alikuwa ameshazaliwa sebuleni, na kama mama na mwana walisalimika, basi ni kwa bahati tu, si kwa kazi ya kituo.

Isidhaniwe kuwa swichi hii ni ile ya ukutani ya kuwashia taa. Hii ilikuwa kabati la chuma lenye kimo cha mtoto wa shule, limejaa nafasi za kuchomekea kadi, na kila kadi ina safu ya matundu ya nyaya, na kila waya unakwenda kwenye simu au kompyuta ya mtu. Kadi kuu zilikuwa mbili: moja inafanya kazi, nyingine inangoja mwenzake aanguke ishike usukani. Pawasaplai, vile vifaa vya kuupa mtambo umeme, nazo mbili. Waliolibuni kabati lile walikuwa watu waoga sana, wakaweka akiba ya kila kitu. Lakini joto likizidi hakuna akiba inayosaidia. Mtambo unajizima wenyewe usije ukaungua, na kadi kuu ya pili inazimika pamoja na ya kwanza, kimya kimya.

Mkurugenzi wa kituo, mama asiyependa maneno mengi, alishuka mwenyewe mpaka chumba cha mitambo.

"Mzee, umebakiza siku za kuhesabika ustaafu," alimwambia fundi mkuu. "Nilitaka nikuage kwa heshima. Kesho ikizimika tena, naleta kampuni nyingine, na utaondoka kesho hiyo hiyo."

Fundi mkuu wote walimwita Mzee Bisibisi, kwa sababu bisibisi haikutoka kwenye mfuko wa shati lake hata siku ya harusi ya mwanawe. Ndiye aliyeifunga swichi ile kwa mikono yake. Pembeni yake alisimama fundi msaidizi, mwanamke aliyefundishwa kazi na mzee huyo huyo, kisha akaolewa na huyo mwanawe, dereva wa malori asiyeonekana nyumbani mara kwa mara. Kwa hiyo mzee alikuwa mwalimu wake na baba mkwe wake kwa pamoja, na heshima alimdai mara mbili.

Mkurugenzi alipoondoka, mzee aliigeuzia swichi feni ya mezani, akafungua mlango wa kabati wazi kabisa, akaenda zake kula. Msaidizi akabaki. Moyo ulikuwa unamuuma. Mzee aliyetumika umri wake wote atoke kazini kama mwizi wa kuku? Akajiapiza kwamba halitokei hilo, labda yeye mwenyewe awe hayupo.

Alichuchumaa mbele ya mtambo, akautazama kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kusema. Mwaka uliopita idara moja ilihamia jengo lingine, kadi zake zikachomolewa, na nafasi tano zikabaki mapengo. "Ziacheni wazi, ipate hewa," mzee alikuwa amesema, na neno la mzee lilikuwa ndilo sheria. Msimu wa joto ulipofika, ndipo matatizo yakaanza.

Akatoa karatasi laini ya kufutia jasho, akachana kipande, akakisogeza kwenye pengo. Kikavutwa ndani kwa nguvu, nusura kimponyoke. Akakisogeza kwenye tundu la hewa la kadi zinazofanya kazi, zile zenye moto. Kikatikisika kidogo, kikatulia. Akarudia. Ikawa vile vile. Feni zilikuwa zima na zinavuta barabara, ila hewa ilikuwa mvivu kama watu wengine tunaowajua: imeona mlango ulio wazi, ipite kwenye kadi zilizobanana kwa sababu gani?

Hakungoja. Alikata boksi, akaziba mapengo yote kwa utepe wa gundi, akakaa kuitazama taa ya joto iliyokuwa ya njano. Taa ikageuka kijani. Alitaka kupiga kigelegele, akakumbuka yuko kazini.

Mzee Bisibisi akaingia wakati huo huo, anachokoa meno. Alipoyaona maboksi, uso ulimbadilika.

"Nini hiki?"

"Baba, itazame taa kwanza."

"Taa imepoa kwa sababu jua limeshuka!" Akayang'oa maboksi moja baada ya jingine. "Mtu analia joto, wewe unamvisha koti? Nilikufundisha hivyo mimi?"

Maneno yalimjaa msaidizi mdomoni, lakini baba mkwe habishiwi mbele ya walinzi wawili waliokuja kuchungulia. Isitoshe, boksi kweli si kitu cha kuacha ndani ya mtambo wa umeme. Alihitaji vifuniko vya chuma, vile vya kiwandani, na kuviagiza ni jambo la majuma. Kesho ilikuwa kesho.

Aliporudi nyumbani jioni alikuta mama mkwe wake anaepua birika. Mama akaliweka mezani, juu ya kipande cha chuma cheusi, chembamba, kirefu kama mkono, chenye tundu la skrubu kila upande. Kile kipande alikuwa amekifuta kwa kitambaa kila siku tangu alipoolewa. Leo ndipo alipokiona.

"Mama, hiki kilitoka wapi?"

"Baba yenu alikileta zamani. Wakati ule wanaingiza zile kadi zao, vikawa takataka, akasema chuma kizuri hakitupwi." Mama akacheka. "Unamjua. Angeweza angeleta na jengo."

Mwanamke akaliondoa birika, akakigeuza kile chuma. Ndicho. Kifuniko cha nafasi tupu, hata mikunjo yake midogo ya pembeni ipo. Akaeleza shida yote kwa pumzi moja, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuiona swichi maishani mwake, akavua kanga ya kichwani akaifunga kiunoni.

"Basi tuvitafute."

Wakaipekua nyumba. Kimoja kilikuwa bafuni, kimegeuzwa kibao cha sabuni. Kingine kilikuwa kinazuia dirisha lisipige kelele kwa upepo. Cha nne kilikuwa uani, kuku wamekizoea. Mama alikisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, huku akiwatukana kuku kwa majina.

Cha tano walikijua wote kilipo, na hakuna aliyekitaja. Kilikuwa kimefungwa kwa skrubu kwenye geti la mbele, kimeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi za mkono zilizonyooka: FUNDI MKUBWA. Watu wa mtaa mzima walielekezana kwa kibao kile. Mwanamke alisimama mbele yake na bisibisi mkononi, akashindwa kuinua mkono.

"Hicho usikiguse," mama mkwe alimwambia taratibu. "Hicho mwambie mwenyewe."

Mzee aliporudi na wote walipokwisha kula, mkwewe akapiga moyo konde.

"Baba, nisamehe kwa ninayotaka kusema. Yale mapengo ndiyo yanayoizima swichi. Nimejaribu kwa kipande cha karatasi: hewa inapita pale penye wazi, haifiki kwenye kadi. Tulikosea kuyaacha."

Mzee hakuinua macho. "Tulikosea, nani na nani?"

"Sisi."

"Aliyesema yaachwe wazi ni mimi."

"Ndiyo, baba." Akavipanga vile vifuniko mezani. "Kesho nayaziba. Vifuniko vinne ninavyo. Ukinikasirikia nitakuomba radhi mpaka utosheke, lakini nitayaziba. Watu wanapiga simu pale wanataka kuokolewa. Na wewe sitaki ufukuzwe. Sitaki kabisa."

Mzee akanawa mikono, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mama mkwe akashika tama. Usiku ule mwanamke alilia kidogo, kisha akalala, kwa sababu kesho kulikuwa na kazi.

Asubuhi mzee hakuonekana kazini. Fundi msaidizi alifunga vifuniko vinne, mtambo ukiwa unafanya kazi, mkono mwepesi, skrubu moja moja. Pengo la tano akaliziba kwa boksi. Mkurugenzi alipopita akaliona.

"Karatasi ndani ya umeme? Toa mara moja. Wa zimamoto wakiiona tutafungiwa."

Akatoa. Jua likapanda. Kupitia pengo lile moja, lililokuwa jirani kabisa na kadi zenye kazi kubwa, hewa iliendelea kutoroka, na kabla ya mchana kuiva taa ikageuka njano. Mkurugenzi akavuta kiti, akakaa mlangoni, simu ya kuiita kampuni nyingine iko mapajani. Ukumbini simu zilikuwa zinalia bila kupumzika, na kila iliyolia ilimchoma fundi msaidizi kifuani. Akashika feni ya mezani kwa mikono miwili, akailenga pale pengoni, akijua haisaidii kitu, lakini kukaa bure alishindwa.

"Fundi," mkurugenzi alisema, "mzee wako ametoroka?"

"Hatoroki," alijibu. "Hajawahi."

Na kweli mlango ukasukumwa. Mzee Bisibisi aliingia anahema, shati limelowa jasho, kwapani ana kitu kilichofungwa kwa gazeti. Hakumsalimia mtu. Akafungua gazeti, akakitoa kibao chake cha getini, akapiga magoti mbele ya swichi. Kikaingia pale pale kilipotoka zamani, bila kubishana. Akaishika skrubu. Ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena.

"Mkwe wangu," akasema bila kugeuka, "kaza wewe."

Mwanamke akachuchumaa kando yake, akakaza upande mmoja, kisha wa pili.

"Nipe na ile karatasi yako."

Mzee alikisogeza kipande cha karatasi kwenye tundu la hewa la kadi. Karatasi ikavutwa, ikang'ang'ania pale, haianguki. Akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akasimama, akamgeukia mkurugenzi.

"Mama, kosa lilikuwa langu. Niliivua nguo nikidhani naipunguzia joto. Huyu aliniambia jana nikamfokea mbele za watu, basi leo namsifu mbele za watu. Kama ni kunifukuza, nifukuze mimi."

Mkurugenzi alikuwa anaitazama taa, nao wakaitazama. Jua lilifika utosini, likakaa hapo kama halina kwao. Taa ilibaki njano, njano, kisha ikawa kijani. Kule ukumbini mpokea simu mmoja alisikika akisema, "Nyuma ya kiwanda cha matofali, geti jeusi. Nimekuelewa, mama. Gari linakuja." Sentensi nzima, mpaka mwisho wake.

Mkurugenzi akasimama, akairudisha simu mfukoni. Akainama, akasoma herufi nyeupe zilizokaa katikati ya kabati la chuma.

"Sherehe yako ya kuagwa iko palepale," alimwambia mzee, akatoka.

Jioni walirudi nyumbani pamoja. Mama mkwe alikuwa amesimama getini, anavikagua vitundu viwili vya skrubu vilivyobaki wazi.

"Sasa watu watajuaje fundi mkubwa anakaa hapa?"

Mzee Bisibisi aliichomoa bisibisi kwenye mfuko wa shati, akaitia mkononi mwa mkwewe, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Watamwona akipita," akasema, akaingia ndani kutafuta chai.