Bomba la Upande wa Abiria

Siku ya kwanza Asheri alipolileta gari lake Maramba, kuku wangu walikimbilia mkongeni na wengine hawakurudi mpaka jioni. Wakati huo alikuwa ameshamwoa binti yangu Lea, kwa hiyo nisingeweza kumfukuza.

Lilikuwa gari la mbio la viti viwili, fupi, limelala chini kiasi kwamba mbuzi angeweza kulitazama kwa dharau. Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge alilitumbukiza mtaroni, akalichoka, akamwachia Asheri, fundi wa gereji pale Tanga mjini. Asheri akalifufua. Bomba la moshi, ambalo zamani lilipita chini ya tumbo la gari mpaka nyuma, lilikuwa limepondwa na mawe ya barabara zetu. Akalikata. Akalitokeza ubavuni, kushoto, chini ya mlango wa abiria.

Mume wangu Methusela, aliyeendesha trekta la shamba mpaka mgongo ukamgomea, alilizunguka gari lile kama mtu aliyeletewa ng'ombe wa mahari.

"Kwa nini ubavuni?" akauliza.

"Ni fupi, baba," Asheri akamjibu. "Halina kona nyingi, injini inapumua vizuri. Halifiki nyuma, kwa hiyo tukipanda ukingo wa mto mkia haugongi kitu. Na likilegea nalikaza hapo hapo, bila kulala kwenye tope."

Mimi nilikuwa jikoni. Kwetu Washambaa mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai jamvi moja, hawali chungu kimoja, wala hawatazamani usoni. Nikimtaka jambo nampitishia Lea au baba yake. Kwa hiyo nilimwambia Methusela, kwa sauti ambayo Asheri angeisikia vizuri: "Baba Beatrisi, muulize huyo fundi, na kelele je? Na moshi unaoingia mlangoni? Na joto? Hilo bomba liko upande wa nani, wa dereva au wa mtu mwingine?"

Asheri alitazama viatu vyake. Kisha, ili kumwonyesha baba mkwe jinsi injini inavyopumua, akaiwasha na kukanyaga mafuta. Bomba lilielekea ua wa michongoma, na juu ya ua ule nilikuwa nimeanika kitambaa cheupe cha madhabahu, zamu yangu ya kufua. Kilitoka pale kina doa jeusi upana wa sinia. Nilikisugua hadi vidole vikachubuka. Nikaapa mbele ya akina mama wote wa kanisani kwamba sitaketi ndani ya gari lile hata nikiwa maiti.

Basi masika yakaja, na Lea alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Lazima niseme habari za Beatrisi, ingawa sipendi. Ndiye mtoto wangu wa kwanza, na mpaka leo watu wananiita kwa jina lake. Aliposhikwa na uchungu huko alikoolewa, niliitwa, nikaenda kusubiri basi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Nilikaa njiani na kifurushi changu mapajani, na nilipofika nilikuta kaburi limeshafukiwa. Waliniambia aliniita mpaka mwisho. Sijawahi kuwasamehe kwa kuniambia hivyo, ingawa najua walisema kweli.

Kwa hiyo asubuhi ile niliposikia ngurumo za gari zikipanda kutoka upande wa Mabokweni, nilijua kabla halijasimama. Asheri alishuka, tope mpaka kiunoni.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama." Alimtazama Methusela. "Lea yuko hospitali. Uchungu umeanza, na wakunga wanasema mtoto amekaa vibaya. Anamwita mama. Mabasi yamekwama."

Methusela alinigeukia. Viti viwili. Kimoja cha dereva, kimoja cha abiria, na kati yao nafasi ya fimbo ya gia. Mimi na mkwe wangu, bega kwa bega, mpaka Tanga.

"Mama Beatrisi," mume wangu akasema taratibu, "ingia."

Nikaingia. Methusela aliweka kifurushi changu cha kanga za mtoto katikati yetu, na juu yake mkungu mdogo wa ndizi, ukawa ndio ukuta wetu wa heshima. Asheri akafunga mlango bila kuugusa mkono wangu, akaliwasha gari.

Yesu wangu, kelele zile! Zilipita miguuni, zikapanda kwenye meno. Joto la bomba lilipenya bati la mlango likanipasha paja lote la kushoto, na kila tulipopunguza mwendo kwenye tope moshi uliniingia puani nikakohoa. Yote niliyoyasema jikoni yalikuwa ya kweli, na wala sikufurahi kwamba nilikuwa nimesema kweli.

Lakini baada ya muda niligundua jambo. Katika kelele zile hakuna aliyetarajiwa kuzungumza. Aibu ya kukaa kimya na mkwe haikuwepo, maana hata ningepiga yowe asingesikia. Nikaanza kuomba polepole. Kisha kwa sauti. Kisha nikaona niseme na yeye mwenyewe, ana kwa ana, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Nikamweleza habari za Beatrisi. Nikalia nikimweleza. Yeye macho yalikuwa barabarani. Hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi, nikaanza kumtolea yote yaliyonijaa rohoni tangu harusi.

Tukaingia mtoni. Maji yalifika mlangoni, bomba likawa linatokota ubavuni mwangu, na mimi nikiwa katikati ya maneno:

"Wala sikukutaka wewe! Nilimtaka yule karani wa kule Amani milimani, mtu mpole, mwenye baiskeli ya kimya!"

Injini ilizimika kabla sijafika kwenye ile baiskeli.

Maneno yakabaki juu ya maji. Nilisikia ndege. Nilisikia mto ukipita chini ya kiti. Nilitamani mto huo unichukue.

Asheri alikaza mikono kwenye usukani. Kisha akasema, akitazama ng'ambo, "Tutafika, mama."

Akashuka, maji mapajani, akaanza kusukuma peke yake. Gari halikutikisika. Asingeweza kuniomba nisukume, afadhali angezama pale. Nikajifunga kanga kibwebwe, nikashuka, nikaweka mabega karibu na yake. Tulisukuma mpaka ukingoni. Maji yakatiririka kutoka kwenye bomba. Plagi zilikuwa zimelowa naye hakuwa na kitambaa kikavu, kwa hiyo nikafungua kifurushi nikaweka kanga moja ya mtoto juu ya boneti, bila kumpa mkononi. Akazikausha. Gari likawaka, likaupanda ukingo ule mkali wa mawe, na nilisikiliza mkia ugonge. Haukugonga kitu. Nyuma yetu, ng'ambo, lori la shamba lilikuwa bado limekwama.

Tulipofika hospitalini niliruka kabla gari halijasimama sawasawa. Nikasahau bomba. Muundi wangu wa mguu wa kushoto ulikaa juu yake, na nikasikia harufu kabla ya maumivu. Nilipiga kelele, lakini bomba lilikuwa na kelele zaidi. Niligeuka mara moja tu. Asheri alikuwa ameinuka nusu, mkono mbele, mdomo wazi. Kisha akashusha macho. Mguu wa mama mkwe hautazamwi, wala hauulizwi hali. Nikashusha kanga, nikakimbia.

Lea alikuwa mweupe midomoni. "Nilikusikia," akaniambia. "Tangu huko mbali, mama. Nikawaambia wakunga, huyo anakuja, ngojeni, nina nguvu bado."

Nikamshika mkono. Mtoto alizaliwa jua likiwa juu, wa kike, akipiga kelele kulishinda gari la baba yake. Walimfunika kanga inayonuka petroli. Wakamwita Beatrisi, na mimi nikalia mbele ya watu bila kujificha.

Kidonda sikumwambia mtu. Nilijipaka asali ya msituni ya Amani iliyokuwa ndani ya kichupa, nikavaa kanga ndefu, nikasingizia magoti nilipochechemea.

Mvua zilipokwisha walikuja kututembelea. Kuku walikimbia kama kawaida. Methusela akalizunguka gari, kisha akasimama akikuna kichwa.

"Bomba limehamia kulia? Upande wako?"

"Ndiyo, baba."

"Lakini injini inatolea moshi kushoto. Itabidi ulipitishe chini, uongeze kona."

"Nimeongeza mbili. Nguvu imepungua, na mawe sasa yanaligusa kidogo."

"Sasa ulilihamishia nini?"

"Niliona tu niliweke huku," akasema Asheri, akashuka.

Suruali yake ilikuwa imekunjwa kwa sababu ya joto. Kwenye muundi wa mguu wa kulia alikuwa na kidonda kibichi, chekundu, kirefu kama kidole. Mama mkwe hatazami miguu ya mkwewe. Mimi nilitazama.

Nikaingia ndani nikachukua kile kichupa cha asali, nikamwita Lea.

"Mpe mumeo."

"Ya nini, mama? Mbona imebaki nusu?"

"Wewe mpe tu."

Nilisimama mlangoni. Asheri alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua kwenye mwanga, akaona ilivyopungua. Hakuinua macho kunitazama. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wangu, mahali ambapo hakuwa amewahi kuketi, akaanza kujipaka.