Mama Kwenye Slaidi ya Mwisho

Jaafar aliyajua mambo ya maji kuliko samaki, lakini akisimama kuyaeleza, watu husinzia. Mara ya kwanza alipokwenda Mkongani kuwaomba wakifunike kisima chao cha wazi wawekewe pampu ya mkono, aliwaonyesha michoro ya mabomba na tarakimu za vijidudu. Wazee wakakoroma kwa zamu, na walipoamka wakasema hawataki. Sasa mvua za El Nino zilikuwa zimeleta kipindupindu, na wakubwa wake wa mradi wa maji walikuwa wamemwambia: wakikataa tena, pampu inapelekwa kwingine.

"Tia watu," mkewe Subira alimwambia. "Vijidudu havina sura. Mtie mama."

Kulikuwa na slaidi moja, kipande cha filamu chenye picha ya marehemu mama yake akipiga pampu kule Msambweni, anacheka meno yote nje. Jaafar hakuwa ameitazama tangu mazishi. Aliitia mwisho kwenye sinia la projekta, zinamopangwa slaidi, kichwa chini kama zote, kwa sababu mashine hiyo huzipindua picha. Asiyeifanya kazi hiyo atalijuaje hilo?

Siku ya mkutano, madirisha ya darasa yalizibwa kwa mablanketi na jenereta ikanguruma nje. Slaidi ya kwanza, bomba. Ya pili, bomba lililokatwa katikati. Sikio la kufa! Michoro yote alikuwa ameirudisha. Mzee Kaingu, mwenyekiti wa kisima, kidevu kilikuwa kimeshafika kifuani.

Jaafar akabonyeza ya mwisho. Mama akatokea ukutani miguu juu, maji yakipanda mbinguni.

"Mwanangu," akaita Bi Mbeyu kutoka mstari wa mbele, "bibi wa watu kafanya nini hata mkamtundika?"

Darasa likaangua kicheko. Jaafar aliona haya, kisha uchungu: wanamcheka mama. Mkono ulikuwa unakwenda kuizima taa alipokumbuka kwamba jana alimkuta Subira ameliinamia sinia lile, akipangusa vumbi, macho mekundu. Ni Subira aliyemuuguza mama mpaka mwisho, akimnyanyua, akimkalisha, akimlisha. Angemwonaje mavyaa wake kichwa chini asimsimamishe? Mara kicheko kikamtoka Jaafar na yeye.

"Huyo ni mama yangu mzazi," akasema. "Mimi nimesimama wima hapa, mmelala. Yeye kasimama kwa kichwa mara moja tu, mmeamka!"

Mzee Kaingu alicheka hata akajifuta machozi. Jaafar akaigeuza slaidi, akawasimulia mama alivyoikataa pampu kwa kuwa maji yake yana ladha ya chuma, mpaka kipindupindu kikamlaza. Alipopata nafuu alikwenda kuipiga mwenyewe. "Akaniambia, 'Chuma nitakizoea, mwanangu. Ile nyingine sitaki kuionja tena.'"

Hakuna aliyesinzia. Bi Mbeyu akauliza pampu hutunzwa vipi, na Kaingu akasema kisima kifunikwe.

Nyumbani, Jaafar hajatua hata sanduku la projekta, Subira akauliza, "Walimwona mama vizuri?"

"Walimwona."

"Amesimama?"

Jaafar alimtazama mkewe, akampenda upya. "Amesimama, Subira. Wamekubali."

Wiki iliyofuata alipanga slaidi za mkutano wa Galu, Subira ameketi kando yake. Zote alizitia kichwa chini. Alipofika kwa mama, alimweka wima.