Ovari za Mfano

Profesa alikuwa bingwa wa ovari, na hakutaka mtu yeyote asahau. Harusini, msibani, hata kwa kinyozi, ungemsikia akieleza jinsi yai linavyopevuka na homoni zinavyopokezana zamu, na kinyozi wa watu anatafuta tu mahali pa kupitisha wembe. Maarifa hayo yote yaliishia mlangoni kwake. Ndoa yake haikuwa na mtoto, na kila mama yake alipouliza, bingwa alijibu kwa sauti ya huruma: "Mirija ya uzazi ya mke wangu imepimwa, mama, ni mizima. Mji wa mimba mzima. Ovari ndizo zimechoka. Tumwachie Mungu."

Mkewe, mwalimu wa jiografia, aliwahi kumuuliza kama yeye mwenyewe amepimwa. Profesa alicheka mpaka akavua miwani.

"Mimi? Mimi ndiye ninayepima."

Na kweli alipima. Kuna kipindi alimtoa mkewe damu kila asubuhi, pale pale jikoni, kabla chai haijachemka, akaitia kwenye chupa ya barafu na kwenda nayo maabara. Alisema anatafuta tatizo. Kaka wa mwalimu alipofariki ghafla, mwalimu akasafiri kwenda kuzika, na simu ya kwanza aliyopokea kutoka kwa mumewe haikuwa ya pole. Profesa alilalamika kwamba safari imemharibia vipimo. Mtu mzima, msomi, na hana haya. Mwalimu aliporudi akaambiwa majibu ni mabaya, ajipe moyo.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kumwachia Mungu kazi anayoiweza mwenyewe. Alihamia chumba cha wageni, akamkalia mkwewe kooni, na juzi akatangaza mezani kwamba amepata binti mwenye heshima zake. Mwanawe akishapokea tuzo ya chuo, posa itapelekwa. Mwalimu achague: avumilie mke mwenza au arudi kwao. Profesa alikuwepo. Aliendelea kutafuna.

Siku ya tuzo wakakalishwa mstari wa mbele, mke na mama mkwe bega kwa bega. Profesa alipanda jukwaani na suti iliyombana tumbo, akawasha picha ukutani: mstari mmoja unaopanda na kushuka.

"Hii ni damu ya mwanamke mmoja aliyejitolea katika utafiti wangu, mzunguko mzima," alisema, akijipapasa tai. "Homoni hii inapanda, yai linatoka. Nyingine inashika zamu, inautandika mji wa mimba. Hakuna kukosea. Ndugu wageni, katika kazi yangu yote sijaona ovari nzuri kama hizi. Ndizo nilizopimia wenzake wote."

Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akapiga kuliko wote.

"Mtaniwia radhi kwa hili pengo katikati ya mstari," Profesa aliongeza. Ulimi ulikuwa umeshanoga, haukushikika. "Alisafiri kumzika kaka yake, damu ya siku hizo tukaikosa."

Mwalimu alilitazama lile pengo. Hasira ilimpanda taratibu, na ilipofika kichwani alikuwa ameshasimama.

"Profesa, nina swali. Huyo mwanamke, ikiwa mirija yake ni mizima na mji wa mimba ni mzima, na bado hajapata mtoto, ovari zake ndizo zimechoka?"

Profesa alipiga hesabu haraka. Akisema ndiyo, tuzo inakwenda na maji, maana utafiti wote umesimama juu ya mstari ule. Akisema hapana, amejianika. Mkuu wa chuo, asiyejua lolote, akamhimiza: "Mjibu mama, Profesa, ni swali zuri."

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Ovari hizi hazina tatizo."

"Sasa tutazame wapi?"

"Ingebidi... kwa kawaida huwa tunashauri apimwe mume."

"Ahsante. Mimi nilidhani wanaojitolea huwa wanaulizwa kwanza."

Mama mkwe alikuwa na maneno mengi, lakini mjinga hakuwa. Msiba ule aliukumbuka vizuri; ndiye aliyempikia mwanawe siku zile, akimsikia akinung'unika juu ya damu. Alimtazama mkwewe, akautazama ukuta, kisha akamgeukia bingwa wake jukwaani.

"Mwanangu," aliita, na kipaza sauti hakikuhitajika, "wewe ulipimwa lini?"

Profesa aligeuka kuutazama mstari wake kama aliyeitwa na mtu wa upande ule. Mwalimu hakusubiri jibu. Aliambiwa achague, naye alikuwa ameshachukua mkoba wake na kushika njia ya kwao.