Hewa Yenu, Kisima Chetu

Mzee Mashauri alikuwa bado hajamaliza chai ya asubuhi nyumbani kwa Getrude, kitongoji cha Hässelby jijini Stockholm, alipomwambia mwenyeji wake habari ya kisima cha kijijini kwake.

"Maji yanatoa mapovu, mwanangu. Mke wangu alisogeza kibatari, moto ukaruka. Umemuunguza mkono wote."

Getrude aliweka kikombe chini. Alikuwa mtaalamu wa miamba katika kampuni moja ya Stockholm iliyokuwa ikisukuma hewa ya ukaa kwenye makaa ya mawe chini ya Litumbwe, kijiji cha mzee huyu huko Ruvuma. Viwanda vya Ulaya vilitaka kuilipa kampuni hiyo ili vihesabiwe kuwa vimesafisha moshi wao. Mashauri, mwenyekiti wa kijiji, aliletwa aje kuwashukuru wateja hao, na Getrude awe mkalimani.

Walipofika ofisini Getrude alimfuata Anton, mkuu wa mradi.

"Makaa yakinyonya hewa ya ukaa, yanaachia methani, gesi inayoshika moto," alimwambia. "Huenda ndiyo imeingia kisimani. Tusimamishe mitambo tupime."

"Tutapima baadaye," Anton akajibu. "Leo mzee anashukuru. Akisema lingine, wewe tafsiri shukrani."

Getrude alimwacha hapo. Aliingia ukumbini.

Mashauri alisimama mbele ya wateja, akawasalimu, kisha akasema, "Hewa ni yenu, kisima ni chetu. Tulipolalamika, meneja wenu kule kijijini alisema wanawake wanapenda uvumi. Mke wangu amelala hospitalini. Huo ni uvumi?"

Wote walimgeukia Getrude. Anton alimkazia macho. Getrude akatafsiri kwa Kiswidi, neno kwa neno, hata lile la uvumi.

"Mkalimani amechanganya mambo," Anton akadakia.

"Sijachanganya chochote!" Getrude alimgeukia. "Mimi naishi Hässelby. Kisima hiki kingekuwa Hässelby, mngezima mitambo siku hiyo hiyo na kuomba radhi kwenye televisheni. Kwa kuwa ni Litumbwe, mnataka mtu aliyeunguziwa mke awapigieni makofi!"

Mteja mmoja, mama wa makamo, aliuliza kama maji ya kisima yalikuwa yamewahi kupimwa. Anton alianza kueleza habari za bajeti. Yule mama akafunga kompyuta yake, akasema hatatia saini mpaka wapimaji wasio wa kampuni waende kijijini.

Kabla ya saa sita Getrude alikuwa amefukuzwa kazi na kunyang'anywa kadi ya mlangoni. Wakiwa kwenye treni ya kurudi Hässelby, Mashauri aliinamisha kichwa.

"Nimekuponza, mwanangu."

"Aliyeniponza si wewe, mzee."

Wiki iliyofuata Mashauri alipiga simu kutoka nyumbani. Mitambo ilikuwa imezimwa. Mkewe alikuwa ametoka hospitalini, lakini vidole viwili havikunjiki. Kisima kilikuwa bado kinatoa mapovu, na wanawake walikuwa wakichota maji mtoni.

"Na meneja?" Getrude aliuliza.

"Yupo. Hajaja hata kumpa pole."

Getrude alikata simu.  Akaanza kutafuta namba ya yule mama mteja, amsimulie aliyoyasikia.